Gari jipya linanuka yai viza: tafuta sababu kabla hujaruhusu masega yakatwe

Tulikuwa tunatoka Lushoto, mimi na mama, na gari lilikuwa na kilomita 2,400 tu tangu litoke dukani. Tuliteremka hadi Mombo, tukapumzika Segera, tukajaza petroli njiani, kisha nikaja na mwendo mzuri mpaka Tanga mjini. Nilipopunguza mwendo kuingia Raskazone, harufu ya yai viza ikajaa ndani ya gari. Mama akafungua kioo, akatazama upande wa bahari na kusema, "Maji yamekupwa, mwanangu. Hilo ni tope la mikoko." Nikakubali, maana sote tuliokulia Tanga tunaijua harufu hiyo. Kesho yake maji yalikuwa yamejaa hadi juu, na harufu ilikuwa bado ipo, nyuma ya gari langu peke yake.

Nikaenda Ngamiani kwa fundi niliyeelekezwa. Hakufungua boneti. Aliinama, akanusa bomba, akasimama: "Dada, hayo ni masega. Tuyatoe tu, gari litapumua." Masega ni kile kisafisha moshi kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi. Fundi hakuniuliza harufu ilianza lini, gari lina kilomita ngapi, wala nimejaza mafuta wapi. Nilimshukuru nikaondoka, na wiki sita zilizofuata nilitafuta sababu mwenyewe, kwa daftari na kitambaa cheupe, kisha kwa kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari. Nayaandika haya kwa sababu tangu hapo nimekutana na watu wawili waliokatiwa masega kwenye magari yaliyokuwa bado ndani ya waranti, na harufu iliyowapeleka kwa fundi ilikuwa ya kuisha yenyewe.

Kabla ya kunusa chochote

Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo usijipime kwa kusema "harufu si kali, basi si hatari." Gesi inayoua ndiyo usiyoinusa. Vipimo vyote nitakavyoeleza vifanyike nje, mahali penye upepo. Usiwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa, wala kwenye uwa wenye kuta ndefu pande zote, hata kwa dakika chache. Mtu akipata kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu akiwa ndani ya gari, simamisha, zima, wote mtoke nje. Maumivu yakipungua baada ya kukaa kwenye hewa safi, hiyo ni dalili kubwa kuwa moshi unaingia ndani ya gari, na gari hilo lisiendeshwe tena mpaka lipimwe. Ambaye hajapata nafuu, au aliyepoteza fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Jambo jingine ni joto. Masega na bomba lililo karibu na injini hufikia mamia ya nyuzi joto, na hubaki ya moto muda mrefu baada ya gari kuzimwa. Usiingize mkono chini ya gari lililotoka safari, wala usiliegeshe juu ya majani makavu au makumbi ya nazi.

Hatua ya 1: Je, ni gari lako kweli?

Mama hakukosea mbali. Tope la mikoko hutoa haidrojeni salfaidi, na gesi hiyo hiyo ndiyo inayotoka kwenye ekzosi yenye harufu ya yai viza. Pua haiwezi kuzitenganisha. Tanga ina harufu nyingine nyingi za kumchanganya dereva: mabaki ya mkonge kwenye mashamba yenye mashine za kusindika, dagaa waliokaushwa upande wa Deep Sea, mitaro baada ya mvua, na malori ya mizigo ambayo ukiyafuata kwa dakika tano moshi wake wote unaingia kwako kupitia matundu ya AC.

Kwa hiyo tafuta mahali pa wazi, mbali na mkoko na mbali na mtaro. Simamisha gari upepo ukiwa unavuma kutoka mbele kwenda nyuma, ili moshi usirudi kwako. Acha injini ifanye kazi dakika mbili, kisha zunguka: nusa mbele karibu na boneti, nusa ubavuni kwenye magurudumu, halafu simama hatua mbili nyuma ya bomba. Usiweke pua kwenye bomba. Haidrojeni salfaidi hunuswa ikiwa kidogo mno, chini sana ya sehemu moja katika milioni ya hewa, kwa hiyo hatua mbili zinatosha.

Mwombe mtu ambaye hakuwa ndani ya gari anuse pia. Pua huchoka. Aliyeendesha nusu saa ndani ya harufu huanza kuiona haipo, au huiona kila mahali.

Kama harufu inakuja AC ikiwashwa na inapotea ikizimwa, na inafanana na nguo zilizokaa mbichi, huna shida ya ekzosi. Huo ni ukungu kwenye kipoozeo cha AC, jambo la kawaida kwa unyevu wa pwani. Dakika tano kabla ya kufika nyumbani zima ubaridi uache feni peke yake, kipoozeo kikauke, na badilisha chujio la hewa ya ndani.

Hatua ya 2: Ipe harufu jina lake

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanamwambia fundi "gari linanuka" basi. Kila harufu ina njia yake.

Harufu ya rangi au plastiki inayoungua, kwenye gari lenye kilomita chache, mara nyingi si ugonjwa. Bomba na vyuma vya chini hutoka kiwandani vimepakwa mafuta au nta ya kuzuia kutu, na vikipata joto kwa mara za kwanza hiyo nta huungua. Huisha ndani ya kilomita mia chache. Gari lililokuja kwa meli na kupuliziwa dawa ya kutu chini linaweza kunuka zaidi kidogo, hasa kama aliyepulizia hakufunika bomba. Ila hakikisha hakuna mfuko wa plastiki ulionata kwenye bomba. Barabarani ni jambo la kila siku, na unanuka hivyo hivyo.

Harufu ya oili inayoungua baada ya sevisi ya kwanza: uliza kwanza kama oili ilimwagika filta ilipobadilishwa. Matone yakidondokea manifodi, yaani mabomba ya moshi yaliyoshikana na injini, yatanuka siku kadhaa mpaka yaishe. Kama hujapeleka gari sevisi, au harufu inaendelea wiki mbili, au bomba linatoa moshi wa buluu, hilo ni jambo jingine. Pima oili kwa kijiti kila wiki na uandike kiwango.

Harufu tamu, kama sharubati iliyochemshwa, ni kulanti, yale maji ya kupoza injini. Hii usiicheleweshe. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoweza kuua paka, mbwa na hata mtoto. Gari likiwa baridi kabisa, tazama kama maji kwenye chupa ya rejeta yako kati ya alama mbili. Kama yanapungua na bomba linatoa moshi mweupe mzito hata injini ikiwa moto, gasketi ya silinda hedi inashukiwa, na gari lipelekwe kwa wakala wa kampuni ya gari likiwa limebebwa. Maji ya kawaida yanayodondoka bombani asubuhi yasikutishe: lita moja ya petroli ikiungua huzaa takriban lita moja ya maji, na bomba likiwa baridi maji hayo hutoka kama matone.

Harufu ya makumbi au nyasi zinazoungua chini ya boneti: panya. Hujenga juu ya injini yenye joto la usiku, na gari jipya halina kinga yoyote dhidi yao. Fungua boneti uangalie kabla hujawasha, kwa sababu kinachoungua leo ni makumbi na kesho ni nyaya.

Harufu kali ya breki au klachi baada ya kuteremka mlima haina uhusiano wowote na ekzosi. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 30 za kona na mteremko. Shuka kwa gia ndogo.

Harufu ya petroli mbichi nyuma ya gari, injini ikiwa baridi, dakika moja au mbili za kwanza, ni kawaida. Kompyuta huongeza petroli wakati wa kuwasha, na masega hayaanzi kazi mpaka yafike kama nyuzi 250 hadi 300. Ikiendelea injini ikiwa moto, kuna petroli isiyoungua: plagi, koili, nozeli inayovuja, au sensa inayodanganya kompyuta. Na ukinusa petroli mbichi gari likiwa limezimwa, hilo ni vujo. Usiwashe, usivute sigara, ita fundi aje hapo hapo.

Halafu ndiyo yai viza.

Kwa nini masega mapya ndiyo yanayonuka zaidi

Masega ni jiwe la seramiki lenye vitundu vidogo vidogo, ndiyo maana mafundi wetu wakayapa jina la nyumba ya nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, mabaki ya petroli huunguzwa, na oksidi za naitrojeni huvunjwa.

Petroli huwa na salfa kidogo. Injini inapopata hewa ya kutosha, tuseme unaenda mwendo wa utulivu barabara ya Segera, salfa hiyo hunata kwenye masega na kukaa. Kisha hali inabadilika: unakanyaga mafuta kulipita lori au unapanda kilima na mzigo, na kompyuta inaongeza petroli. Hapo masega hukosa oksijeni, na salfa iliyojikusanya hutoka kwa mkupuo ikiwa imeungana na haidrojeni. Unapofika mjini na kupunguza mwendo, upepo uliokuwa ukiitupa harufu nyuma haupo tena, na yai viza linakufikia.

Masega mapya yana nafasi kubwa ya kuhifadhi. Hayajachoka. Kwa hiyo gari lenye kilomita 2,000 linaweza kunuka kuliko gari hilo hilo likifika 40,000, na hapo hakuna kilichoharibika. Fundi wa Ngamiani hakukosea kusema harufu inatoka kwenye masega. Alikosea kudhani kwamba yanayotoa harufu ni mabovu.

Kuna jambo la mafuta pia. Japani, ambako magari yetu mengi yanatengenezwa, petroli ina kikomo cha salfa cha miligramu 10 kwa kilo. Afrika Mashariki ilipiga hatua kubwa Januari 2015 iliposhusha kikomo cha dizeli hadi 50, lakini hicho bado kilikuwa juu ya 10 ya Japani. Gari lililosanifiwa kwa mafuta safi zaidi linapokunywa mafuta yenye salfa zaidi, masega yake hupata kazi zaidi. Na mzigo wa sheli moja hutofautiana na wa nyingine, hata kama yote yako ndani ya viwango.

Hatua ya 3: Daftari

Chukua daftari dogo, likae ndani ya gari. Kila unapoisikia harufu andika tarehe na kilomita, injini ilikuwa moto au baridi, ulikuwa unafanya nini dakika tatu kabla yake, tangi lina mafuta kiasi gani na ulijaza wapi mara ya mwisho. Andika na siku ambazo hukusikia kitu. Siku hizo ndizo zinazofundisha.

Langu lilionyesha hivi. Wiki ya kwanza, safari za mjini Chumbageni hadi sokoni, hakuna harufu. Safari ya Pangani, harufu niliporudi. Safari ya Muheza kufuata machungwa, gari tupu wakati wa kwenda na hakuna harufu. Wakati wa kurudi magunia manne yako nyuma, na harufu ikawapo. Kila mara injini moto, kila mara baada ya kukanyaga sana. Haikutokea hata siku moja asubuhi gari likiwa baridi. Mpangilio huo ndio wa salfa. Gari lenye petroli iliyozidi muda wote lingenuka na mjini vilevile.

Kwa hiyo kama daftari lako linasema "kila wakati, popote, hata nikiwa nimesimama dakika kumi," usitulie. Kama linasema "baada ya kilima na baada ya mwendo," endelea na hatua inayofuata bila hofu.

Hatua ya 4: Badilisha petroli, na uhesabu vizuri

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, na watu hukiharibu kwa haraka. Wanajaza sheli nyingine mara moja, harufu ikibaki wanasema mafuta si tatizo. Hesabu haiko hivyo. Tuseme tangi lako ni lita 40 na unajaza zikibaki lita 10. Baada ya kujaza mara ya kwanza, robo ya tangi bado ni mafuta ya zamani. Mara ya pili yanabaki karibu asilimia 6. Mara ya tatu, chini ya asilimia 2. Hapo ndipo unaweza kusema gari linakunywa mafuta mengine.

Chagua sheli moja yenye wateja wengi, maana mafuta yake hayakai muda mrefu kwenye tangi la ardhini, na ujaze hapo tu mara tatu mfululizo. Usijaze wakati lori linamimina mafuta, kwa sababu uchafu na maji ya chini ya tangi hutibuka. Chukua risiti ya EFD kila mara na ibandike kwenye daftari.

Baada ya tangi la tatu, rudia safari ile ile iliyoleta harufu, kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule. Mimi nilirudi Muheza na magunia manne. Harufu ilikuwapo, lakini mama aliyekaa kiti kile kile alisema amenusa mara moja tu, pale tuliposimama. Wiki mbili kabla alikuwa amefungua vioo vyote.

Kama petroli yenyewe ina harufu ya koroboi, au gari limepoteza nguvu na kugonga baada ya kujaza mahali fulani, unaweza kuwa umepewa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulikuwa ugonjwa mkubwa nchini. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake isivutie wachanganyaji. Malalamiko ya mafuta yanapelekwa EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na risiti yako ndiyo ushahidi.

Hatua ya 5: Kitambaa, macho na masikio

Fanya hivi gari likiwa limezimwa usiku kucha.

Futa ndani ya mdomo wa bomba kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji kidogo. Vumbi la kijivu au masizi machache, vizuri. Masizi meusi makavu yanayoweza kukatwa kwa kucha, kwenye gari jipya la petroli, ni dalili ya petroli kuzidi. Kumbuka kwamba baadhi ya injini za kisasa, ambazo nozeli inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, huacha masizi zaidi ya zile za zamani, kwa hiyo linganisha na gari la aina hiyo hiyo ukilipata. Kitambaa kikitoka na mafuta yanayonata, fuata njia ya oili.

Washa. Sikiliza chini ya boneti sekunde thelathini za kwanza: mlio wa "tik tik tik" unaoenda na mwendo wa injini na kupungua ikipata joto ni dalili ya uvujaji kwenye kiungio cha manifodi. Kwenye gari jipya ni bolti isiyokazwa vizuri au gasketi iliyokaa vibaya, na wakala anapaswa kuitengeneza bure. Uvujaji wa mbele ni hatari kuliko wa nyuma, kwa kuwa moshi wake haujapita kwenye masega na uko karibu na mahali AC inapovuta hewa.

Kisha kagua mpira wa mlango wa buti. Weka kipande cha karatasi, funga buti, kivute. Kikitoka bila kukwama, hapo hapafungi vizuri. Na tafadhali, msiendeshe stesheni wagon na buti wazi kwa sababu mmebeba mbao au magodoro. Gari likienda, hewa ya nyuma huzunguka na kuvuta moshi wa bomba hadi ndani, hasa waliokaa kiti cha nyuma, na mara nyingi hao ndio watoto.

Hatua ambayo karibu kila mtu anairuka: betri

Jirani yangu wa Makorora alinunua gari lililotumika kidogo Japani, kilomita 11,000 kwenye mita ya dashibodi. Yai viza tupu, kila siku, hata asiposafiri mbali. Alikuwa ameshakubaliana bei ya kukata masega. Nilimwomba tuzunguke gari kwanza kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 1. Nyuma, hakuna harufu. Mbele, kwenye boneti, ilikuwa kali hata macho yakatuwasha.

Betri ya risasi na tindikali inapochajiwa kupita kiasi huchemka, na hutoa harufu ile ile. Tulipima kwa mita: injini imezimwa volti 12.6, sawa. Injini imewashwa, volti 15.6 na haishuki. Kawaida ni kati ya 13.5 na 14.7, ingawa magari mapya yenye chaji inayoongozwa na kompyuta hupanda na kushuka. Ikizidi 15 na kubaki hapo, kifaa cha kudhibiti chaji cha alteneta kimekufa. Betri ilikuwa imevimba ubavuni.

Ukikuta hivyo, zima gari na ulisogelee kwa uangalifu. Betri inayochemka hutoa pia haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Usichomoe waya injini ikiwa inafanya kazi, usiwashe kiberiti kuangalia. Acha boneti wazi hewa ipite, usubiri ipoe, ndipo fundi umeme aitwe. Baadhi ya magari, hasa ya haibridi, betri ndogo iko ndani ya buti au chini ya kiti, kwa hiyo harufu "ya nyuma" inaweza kuwa ya betri na si ya bomba. Soma kitabu cha gari ujue yako ilipo.

Masega ya jirani yangu hayakuwa na kosa lolote. Alibadilisha alteneta na betri.

Hatua ya 6: Isikilize kompyuta ya gari

Kama taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, ruka moja kwa moja hapa. Ikiwaka bila kumeta, endesha taratibu hadi kwa mtaalamu. Ikimeta, punguza mwendo, simamisha mahali salama na uzime: silinda inakosa kuwaka, petroli mbichi inaingia kwenye masega na kuungua humo, na masega yanaweza kuyeyuka. Hapo ndipo masega mapya yanapokufa kweli.

Kifaa cha kusoma kompyuta huchomekwa chini ya usukani. Mafundi wengi wa mjini wanacho, na vipo vidogo vinavyounganishwa na simu. Namba zinazohusu harufu ni chache. P0300 hadi P0304 na zinazofuata: silinda kukosa kuwaka. P0172: petroli imezidi. P0420: masega hayasafishi inavyotakiwa. Hii ya mwisho ndiyo inayotumiwa sana kuhalalisha kukata, ilhali ekzosi inayovuja au sensa ya oksijeni iliyochoka huweza kuileta pia.

Hata kama hakuna namba, omba uonyeshwe marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, injini ikiwa moto. Ni asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko uwe sawa. Kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10 gari liko salama, na jipya aghalabu hukaa karibu na sifuri. Kutoa 15 au zaidi maana yake petroli inaingia kwa wingi kutoka mahali fulani na kompyuta inahangaika kuipunguza. Langu lilisoma kutoa 2. Nililiandika daftarini kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ndilo lililonitoa wasiwasi: injini ilikuwa na mchanganyiko mzuri, na harufu ilikuwa ya salfa tu.

Usikubali namba zifutwe kabla hazijapigwa picha.

Wenye dizeli

Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa kuyachoma kwenye joto la takriban nyuzi 600. Wakati huo utasikia harufu kali ya moto, feni itazunguka kwa nguvu, na mlio wa injini utabadilika kidogo. Usizime katikati ukiweza kuendelea. Gari linaloishi safari za Ngamiani hadi bandarini tu halipati nafasi ya kumaliza kazi hiyo, kwa hiyo lipe barabara ndefu mara moja kwa wiki, hata hadi Horohoro na kurudi. Harufu ya mkojo au amonia, kwenye gari lenye tangi la maji ya urea, ni ya mfumo huo na iende kwa wakala.

Kwenda kwa wakala

Gari likiwa ndani ya waranti usifungue plagi mwenyewe, usikate, usichomelee. Masega yakikatwa, mtengenezaji ana sababu ya kukataa dai lolote la injini na ekzosi, kompyuta itawasha taa kila siku, na moshi usiosafishwa utawafikia watembea kwa miguu na wanafunzi wanaosubiri daladala nyuma yako. Kama yalishatolewa, uliza yako wapi. Yana thamani kubwa sokoni, na ni mali yako.

Nenda na daftari, risiti, picha za namba na kitambaa. Usiseme "linanuka." Sema: "Linatoa harufu ya yai viza injini ikiwa moto, baada ya kupanda kilima na mzigo, halinuki asubuhi, nimebadilisha petroli mara tatu, chaji ni volti 14.2, marekebisho ya mafuta ni kutoa 2." Omba waangalie kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya kompyuta ya injini, kwa sababu marekebisho ya aina hiyo hutolewa kimyakimya na mwenye gari asipouliza haambiwi. Kisha mwombe fundi wao akae kwenye usukani mwende pamoja mpaka harufu itokee. Akisema hajanusa kitu kwenye yadi, hajapima. Na utakachoambiwa kiandikwe kwenye fomu ya kazi, hata kama ni "hakuna kasoro," chenye tarehe, kilomita na muhuri, ili tatizo likirudi baada ya waranti kuisha uwe na pa kushika.

Langu sasa lina kilomita 9,800. Kwenye daftari, mstari wa mwisho wenye neno "harufu" uko kilomita 6,150, kilima cha kupanda Lushoto, watu watano na viazi vya mama.